Bill Russell kabla ya Boston: yale tunayorithishana na yale yaliyotokea kweli

Kila nikikaa na vijana wanaopenda kikapu na jina la Bill Russell likatajwa, najua kabisa sentensi itakayofuata. "Ah yule alikuwa mrefu tu, enzi zile walikuwa wanacheza na watu wafupi." Mwingine anadakia na zile pete 11 za ubingwa alizochukua na Boston Celtics, mazungumzo yanaishia hapo, na ile miaka yake ya chuo kikuu, kuanzia 1953 mpaka 1956, hakuna hata anayeigusa. Mimi ndio miaka inayonikaa moyoni kuliko yote, kwa sababu yule mtu wa pete 11 alitengenezwa pale, na alijitengeneza kwa kichwa kabla ya miguu, sasa ukisema urefu tu unakuwa umemfuta mtu mzima mzima. Naomba niyapitie moja moja, ninayoyasikia na yaliyotokea.

Dhana: alizaliwa na kipaji, tangu mtoto kila mtu alikuwa anaona huyu ni staa

Hapana, hapana kabisa, na naanza na hii makusudi.

Russell alizaliwa tarehe 12 Februari 1934 kule Louisiana, kusini mwa Marekani, enzi ambazo ubaguzi wa rangi ulikuwa sheria na sio tabia ya mtu mmoja mmoja. Familia ikahamia Oakland, California wakati wa vita vya pili vya dunia, baba akitafuta kazi na mahali pa kuishi kama binadamu. Mama yake, Katie, akafariki Russell akiwa na miaka 12 tu. Akabaki mtoto mwembamba, mrefu, mwenye haya, asiyejiamini, ambaye shule ya kati alijaribu timu ya kikapu akakatwa.

Alipofika sekondari ya McClymonds pale Oakland, mwalimu George Powles alikuwa na timu ya wadogo yenye jezi 15. Russell alikuwa mchezaji wa 16. Hebu pata picha, wewe ndio mtu wa mwisho kabisa kwenye timu ambayo sio hata timu ya kwanza ya shule. Powles hakumfukuza, akaamua yeye na mwenzake mmoja wagawane jezi moja, mechi hii anavaa huyu, mechi ijayo anavaa yule, na siku ambayo sio yako unakaa na watazamaji unaangalia wenzako. Huyo ndio "staa tangu mtoto" tunayemsema. Powles huyo huyo akampa hela mfukoni mwake ajiunge na klabu ya vijana ya mtaani ili awe anapata uwanja wa kufanyia mazoezi kila siku. Mwaka 2022 Russell alipofariki, NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, iliistaafisha jezi yake namba 6 kwenye timu zote, na mimi siku ile niliwaza ile jezi ya kugawana.

Kuna kitu kingine hapo katikati watu hawakijui. Alimaliza sekondari Januari 1952, katikati ya mwaka wa shule, na wakati huo kulikuwa na timu ya vijana wa California waliokuwa wanazungushwa kaskazini kucheza mechi, wanasafiri kwa basi mpaka British Columbia kule Kanada. Yeye aliingia humo zaidi kwa sababu amemaliza Januari kuliko kwa sababu ya uwezo. Ila kwenye lile basi ndipo mambo yakabadilika. Alikuwa anamwangalia mwenzake anavyocheza, halafu wakirudi kwenye basi anafumba macho anairudia ile muvu kichwani, hatua kwa hatua, mguu upi umetangulia, mkono umeenda wapi, mpaka anajiona yeye mwenyewe ndio anaifanya. Muvu nyingine zilimgomea kwenye uwanja. Akajaribu kugeuza, badala ya kujiona yeye ndio mshambuliaji akajiweka kama kioo chake, mwenzake akienda kushoto yeye yupo hapo, akiruka yeye yupo hapo. Na hiyo ikakubali mara moja. Kukaba kwake kote kulianzia kwenye hiyo picha ya kichwani, ndani ya basi.

Dhana: vyuo vikubwa viligombania kumsajili

Chuo kilichomtaka kilikuwa kimoja tu. KIMOJA. Hal DeJulio, mtu aliyewahi kuichezea San Francisco iliposhinda kombe la NIT, mashindano makubwa ya vyuo, mwaka 1949, alimwona kwenye mechi ya mwisho ya sekondari dhidi ya Oakland High. Russell alifunga 14 siku ile, sio namba ya kumfanya mtu asimame kwenye kiti, lakini DeJulio aliona kwamba zile pointi zilikuja pale zilipohitajika, na kwamba huyu kijana asiye na ufundi anajua mechi ipo wapi. Akaenda kumshawishi kocha Phil Woolpert wa Chuo Kikuu cha San Francisco, Russell akapewa skolashipu. Isingekuwa hivyo alikuwa anaelekea kwenye kazi ya bandarini kwenye karakana za meli, na bila msaada wa chuo familia isingeweza kumsomesha.

Dhana: San Francisco ilikuwa timu tajiri yenye kila kitu

Chuo kidogo cha Wajesuiti, hakina hata ukumbi wake wa kikapu. Mazoezi walikuwa wanaenda kufanya kwenye ukumbi wa sekondari ya jirani, St. Ignatius, na mechi za "nyumbani" zilichezwa kwenye kumbi za watu kama Kezar Pavilion. Timu ilishachukua ubingwa wa taifa mara mbili ndio chuo kikajenga ukumbi wake, ukafunguliwa 1958, Russell ameshaondoka zamani.

Dhana: kocha wake alimfundisha kubloki, yani kuuzuia hewani mpira uliopigwa

Hii inaniuma kidogo, maana ni kinyume chake kabisa.

Miaka ile kocha yeyote Marekani angekuambia mkabaji mzuri haruki, miguu inabaki chini, unasogea, unanyoosha mikono, basi. Kuruka kulionekana ni ushamba. Woolpert mwenyewe alikuwa muumini wa hiyo elimu na alijaribu kumrudisha Russell kwenye mstari akiwa bado mgeni. Mechi yake ya kwanza ya timu kubwa ilikuwa dhidi ya Chuo Kikuu cha California, senta wao, yule mrefu wa chini ya kikapu, anasifiwa, na Russell akaanza kumnyang'anya mipira hewani, moja, mbili, tatu, wale jamaa hawakuwa wamewahi kuona kitu kama kile. Kocha bado alitaka amkabe mtu wake kwa njia ya vitabuni. Russell akajaribu, mtu akawa anampita na kufunga kwa karibu, akarudi kwenye njia yake mwenyewe na njia yake ndio ikashinda, na heshima kwa Woolpert ni kwamba mwishowe alikubali, akajenga ulinzi wote wa timu kumzunguka.

Sasa angalia kwa karibu alikuwa anafanya nini, maana hapa ndio watu wanasema urefu. Alikuwa na kama mita 2.08, mrefu ndio, lakini hakuwa mrefu kuliko wote aliokutana nao, mwaka 1955 pale Corvallis walicheza na Oregon State ambao senta wao Swede Halbrook alikuwa anamzidi sana, na wakashinda 57 kwa 56. Siri ilikuwa hivi. Russell anatumia mkono wa kushoto. Wapigaji wengi wanatumia kulia. Wakisimama uso kwa uso mkono wake wa kushoto uko upande ule ule mpira unakotokea, hana haja ya kuuvusha mwili wake wala kumgusa mtu, ananyoosha tu. Halafu anaruka wa pili, anamsubiri mshambuliaji aondoke kwanza chini, akishaondoka hawezi tena kubadili mawazo, ndio yeye anapanda. Na akiugusa mpira haupigi kofi uende kwa watazamaji kama tunavyoona wengi wanafanya mpaka leo wakishangiliwa, anaudokoa uanguke pale pale au uelekee kwa mwenzake, na San Francisco tayari wanakimbia upande wa pili. Ukiupiga nje wapinzani wanaurudisha ndani, umefanya nini sasa? Yeye hilo swali alijiuliza akiwa na miaka 19.

Na hakuwa peke yake kwenye kufikiri. Chumba kimoja alilala na K.C. Jones, gadi kutoka huko huko San Francisco, kijana mkimya ambaye mwezi wa kwanza karibu hakufungua mdomo. Alipoanza kuongea waliongea kikapu usiku mzima, lakini kikapu cha pembe na mistari kama hesabu za jiometri, ukimsukuma mtu akae hapa pembe yake ya kupiga inabaki ipi, mpira ukigonga ukingo kutoka kona ile unaangukia wapi. Ndio maana ribaundi, ile mipira inayorudi baada ya mtu kukosa, zilikuwa zinamfuata. Alikuwa ameshafika pale kabla ya mpira.

Mtu akitaka ushahidi wa mwili nao upo, maana Russell alikuwa pia mwanariadha wa chuo, mwaka 1956 aliruka juu futi 6 na inchi 9 na ushee, yani kama mita 2.06, wakati binadamu wa kwanza kuvuka futi 7, Charles Dumas, alifanya hivyo mwaka huo huo. Kwa hiyo mwili alikuwa nao. Wenye miili walikuwa wengi, na hao wengine hawakushinda mechi 55 mfululizo.

Dhana: alikuwa mkabaji tu, kufunga hakujui

Wastani wake wa miaka mitatu ya chuo ni pointi 20.7 na ribaundi 20.3 kwa mechi. Hiyo ni ishirini na ishirini, kwa miaka mitatu. Kumbuka hakukuwa na mtupo wa pointi tatu, na hakukuwa na saa ya kulazimisha timu ipige, timu ikiamua kuushikilia mpira inaushikilia inavyotaka, kwa hiyo mechi nyingi zilikuwa na pointi chache. Fainali ya 1955 alifunga 23 na ribaundi 25, ya 1956 akafunga 26 na ribaundi 27. Ni kweli mitupo huru ilimsumbua na hakuwa mpigaji wa mbali, hilo silipingi. Lakini mtu anayesema hakujua kufunga anachanganya chuo na Boston, ambako kazi aliyopewa ilikuwa nyingine na wafungaji walikuwepo wengi.

Dhana: aliibeba timu peke yake

Hapa nawaomba wapenzi wenzangu wa Russell tuwe wakweli, maana hii dhana tunaisambaza sisi.

Msimu wake wa kwanza timu kubwa, 1953-54, K.C. Jones alipasuka kidole tumbo mwanzoni kabisa mwa msimu, akalazwa, akakosa karibu msimu mzima. Russell alikuwepo, mzima, anabloki, anafunga karibu 20. Timu ikashinda 14 ikafungwa 7. Mwaka uliofuata Jones karudi, wakashinda 28 wakafungwa moja. Hiyo peke yake inatosha, ila kuna fainali ya 1955 pale Kansas City dhidi ya La Salle, mabingwa watetezi, wakiwa na Tom Gola ambaye wengi walimwona ndio mchezaji bora wa chuo Marekani. Kila mtu alijua Russell atamkaba Gola, mrefu kwa mrefu. Woolpert akampa Jones. Jones mwenye futi 6 na inchi 1 anamkaba mtu anayemzidi karibu nusu futi, na Russell anaachwa huru chini ya kikapu kuzima moto popote unapowaka. Gola akaishia na 16, Jones mwenyewe akafunga 24, zaidi ya Russell, San Francisco wakashinda 77 kwa 63. Kwangu mimi ule uamuzi ndio mechi yenyewe.

Halafu mwaka 1956 mashindano ya taifa yalichezwa bila Jones, kwa sababu ule msimu wa kuumwa ulimfanya awe amemaliza muda wake wa kuruhusiwa kucheza, na nafasi yake akachukua Gene Brown, kijana aliyeingia na kucheza kama vile alikuwepo siku zote. Fainali dhidi ya Iowa walianza vibaya, wakawa nyuma 15 kwa 4, wakarudi wakashinda 83 kwa 71. Msimu mzima bila kufungwa, 29 kwa sifuri. Hal Perry alikuwepo kwenye ubingwa wote miwili na leo ni wachache wanaomtaja. Misimu yote miwili wapinzani walikuwa wanapata kama pointi 52 tu kwa mechi, na hilo mtu mmoja haliwezi, hata awe Russell.

Dhana: chuoni hakuwahi kufungwa

Alifungwa mara 8. Saba msimu wa kwanza, na moja Desemba 1954 nyumbani kwa UCLA, chuo cha Los Angeles cha kocha John Wooden, 47 kwa 40. Haikupita hata muda wakakutana tena na San Francisco wakashinda 56 kwa 44, na baada ya kile kipigo Russell hakufungwa tena mechi ya chuo maisha yake yote. Ushindi 26 uliobaki msimu ule, 29 uliofuata, jumla 55. Rekodi inayosemwa ni 60, na zile 5 za mwisho zilishindwa na wenzake yeye ameshamaliza. Ilidumu mpaka UCLA ya Wooden huyo huyo ilipoivunja na kufika 88 miaka ya 70.

Dhana: alichaguliwa mchezaji bora wa fainali zote mbili, na tuzo zote alipewa

1955 alipewa. 1956 alipewa Hal Lear wa Temple, timu iliyoshika nafasi ya tatu, kwa sababu alifunga 48 kwenye mechi ya kutafuta mshindi wa tatu. Yani mtu kafunga 26 na kuchukua ribaundi 27 kwenye fainali yenyewe, timu haijafungwa mwaka mzima, na tuzo inaenda kwa timu ya tatu. Lear alikuwa mchezaji mzuri sana, sina neno naye, lakini inakuonyesha watu wa wakati ule walikuwa wanahesabu nini. Pointi. Kukaba hakukuwa na safu yake kwenye karatasi.

Kilichomuumiza zaidi kilikuwa cha karibu na nyumbani. Baada ya ule msimu wa 28 na moja, ubingwa wa taifa mkononi, tuzo ya mchezaji bora wa kaskazini mwa California alipewa Kenny Sears wa Santa Clara, mzungu. Russell amelieleza hili mara nyingi na hakuwahi kulisahau. Kuanzia hapo alisema atajali ushindi tu, kwa sababu tuzo wanapiga kura watu na kura ina rangi, matokeo ya mechi hayapigiwi kura.

Na wale wanaotaja idadi ya bloki zake chuoni, mara 13 kwa mechi mara 20, tuwe waangalifu. Vyuo vilianza kuhesabu bloki rasmi msimu wa 1985-86, NBA yenyewe 1973-74. Silaha yake kubwa haina rekodi rasmi hata moja.

Dhana: California hakukuwa na ubaguzi, mambo hayo yalikuwa kusini tu

Hiyo tuzo ya juu inajibu nusu. Nusu nyingine ni Desemba 1954, walipoenda Oklahoma City kwenye mashindano ya Krismasi. Woolpert alikuwa anaanza na weusi watatu, Russell, Jones na Perry, jambo ambalo vyuo vikubwa vilikuwa havifanyi, kulikuwa na kama kanuni isiyoandikwa kwamba mmoja inatosha, wawili ni wengi. Hoteli za pale mjini zikasema wazungu karibu, weusi hapana. Timu ingeweza kugawanyika, na timu nyingi zilikuwa zinafanya hivyo, weusi wanapelekwa kulala kwa familia za weusi upande wa pili wa mji. Hawa wakakataa. Wote, weusi kwa weupe, wakaenda kulala kwenye bweni tupu la chuo lililofungwa kwa likizo. Fikiria korido ndefu ya bweni Desemba, vyumba vyote vimefungwa wanafunzi wameenda kwao, na humo ndani timu moja tu. Waliokuwepo wamesema mara nyingi kwamba pale ndipo walipoungana. Wakashinda mashindano yale.

Ila hapa kuna dhana ndogo ya upande wa pili ambayo nayo lazima niirekebishe, kwamba Russell ndio mweusi wa kwanza kung'ara kikapu cha chuo. Don Barksdale wa UCLA alikuwa kwenye kikosi cha wachezaji bora wa taifa mwaka 1947 na akachukua dhahabu ya Olimpiki 1948. Jackie Robinson kabla hajaingia besiboli ya wazungu alicheza kikapu hapo hapo UCLA. Chuo cha CCNY cha New York kilichochukua ubingwa wa 1950 kilikuwa na weusi Ed Warner na Floyd Layne. Kilichokuwa kipya San Francisco ni bingwa anayeanza na watatu, na hao watatu ndio injini ya timu. Na wanaosema timu ya chuo cha Texas Western ya 1966 ndio ilifungua mlango, ile ilianza na weusi watano na ni historia kubwa, lakini ilipita kwenye njia ambayo San Francisco walishaanza kuichimba, na Loyola ya Chicago 1963 wakaichimba zaidi na wanne.

Na kwa sisi huku niongeze kidogo. Russell alikuja Afrika 1959 kwenye ziara ya serikali ya Marekani, Liberia ikamgusa kiasi cha kuwekeza kwenye shamba la miti ya mpira, na binti yake aliyezaliwa baadaye akampa jina Karen Kenyatta, kwa ajili ya Jomo Kenyatta. Yule kijana wa bweni la Oklahoma City alikuwa anajua vizuri sana dunia inaelekea wapi.

Dhana: danki, kule kuubamiza mpira kwenye ringi kwa mkono, ilipigwa marufuku kwa sababu yake

Danki ilipigwa marufuku vyuoni 1967 mpaka 1976, enzi za Lew Alcindor wa UCLA, ambaye baadaye tulimjua kama Kareem Abdul-Jabbar. Russell alikuwa ameshamaliza chuo miaka kumi na zaidi.

Kilichobadilishwa katikati ya miaka ya 50 huku yeye akitajwa ni kile kisanduku cha chini ya kikapu ambacho mshambuliaji haruhusiwi kukaa zaidi ya sekunde tatu. Kilikuwa na upana wa futi 6, kikafanywa futi 12, ili warefu wasogezwe mbali. NBA walishafanya hivyo 1951 kwa sababu ya senta wao mkubwa George Mikan. Na tabia yake ya kuusindikiza mpira wa mwenzake uingie ukiwa bado juu ya ringi nayo ilikuja kukatazwa. Wenye sheria walidhani wanaondoa faida ya urefu, ila kusogeza watu mbali na kikapu kunamfaidisha nani kama sio yule anayekimbia na kuruka kuliko wenzake wote? Masenta wazito ndio walioumia.

Dhana: Boston walimchagua wa kwanza akatoka chuo moja kwa moja

Kwenye drafti ya 1956, ambapo timu za NBA zinachagua kwa zamu wachezaji wanaotoka vyuoni, wa kwanza kuitwa alikuwa Sihugo Green, na aliyemwita ni Rochester Royals, ambao walishakuwa na Maurice Stokes chini ya kikapu na waliona Russell ni ghali. Wa pili, St. Louis Hawks ndio walioshika haki ya Russell, halafu wakampeleka Boston kwa kubadilishana na Ed Macauley na Cliff Hagan. Red Auerbach, kocha wa Boston, alimtoa Macauley, mmoja wa mastaa wake, kwa kijana ambaye wengi walisema hajui kupiga. Drafti hiyo hiyo Boston wakamchukua na K.C. Jones, wale wa chumba kimoja wakakutana tena baada ya Jones kumaliza jeshi.

Na hakwenda moja kwa moja. Olimpiki ya 1956 ilikuwa Melbourne, kusini mwa dunia, kwa hiyo ikachezwa Novemba na Desemba, msimu wa NBA umeshaanza. Angeingia mkataba angepoteza uridhaa, yani hadhi ya mchezaji asiyelipwa, na Olimpiki ingeondoka. Akasubiri, mshahara ukakatwa kwa mechi alizokosa, akaenda Australia pamoja na Jones, Marekani wakashinda mechi zote 8, fainali wakawafunga Warusi 89 kwa 55.

Wakati anarudi nyumbani na kujipanga kwenda Boston, wadogo zake wa San Francisco walikuwa bado wanaibeba ile rekodi. Tarehe 17 Desemba 1956 walifika kwa Illinois, wakafungwa 62 kwa 33, ikasimama kwenye 60. Siku tano baadaye, tarehe 22, Russell akaingia uwanjani Boston kwa mara ya kwanza, wapinzani wakiwa ni hao hao Hawks waliomuuza. Alifunga pointi 6. Ribaundi alichukua 16, ndani ya dakika 21, na Boston wakashinda 95 kwa 93.